Tenzi Zisizo Tenzi

Sidhani kuna diwani ya Kiswahili iliyowahi kupita katika mikono mingi kama kile kitabu chembamba kiitwacho Tenzi za Rohoni. Kimekaa ndani ya mikoba ya bibi zetu pamoja na miwani na leso, kimefunguliwa kando ya makaburi mengi, kimewafariji wagonjwa hospitalini, na wako waliojifunzia kusoma humo kabla hawajaiona shule. Na jina lake si la kweli. Zilizomo si tenzi kwa maana yoyote ambayo Mwana Kupona angeitambua. Utenzi, kama wasomaji wa ukurasa huu wajuavyo, una vipande vinne katika kila ubeti, kila kipande mizani nane, vitatu vya kwanza vikifungwa kwa kina kimoja na cha nne kikibeba kina cha bahari kinachoushika utungo mzima tangu dibaji hadi tamati. Nyimbo za kitabu kile, kwa sehemu kubwa, ni tafsiri za nyimbo za Kiingereza, zikiimbwa kwa mahadhi yaleyale yaliyokuja nazo melini. Aliyekipa kitabu jina alilipenda neno; kitu chenyewe alikiacha mlangoni.

Naanza na jina kwa kuwa shauri zima limo ndani yake. Kanisa linalosema Kiswahili limeazima heshima ya ushairi wa Kiswahili bila kuulipa haki yake. Limechukua msamiati wa ufundi, likauacha ufundi. Kwa zaidi ya karne moja matini ya wimbo wa ibada yametendewa kama pumba za kujazia gunia: maadamu silabi zinatosha noti, basi kazi imekwisha. Nasema matini hayo ni shairi, yanastahili kupimwa kama shairi, na kwamba kutoyapima hivyo kumeiumiza lugha, kumeuumiza muziki, na kumemfanya mwabudu aongee na Mungu wake kwa lafudhi ambayo hangethubutu kuitumia mbele ya muuza nyanya. Lawama ya pili, ambayo nitaifikia, ni yetu sisi tunaojiita washairi.

Tazameni jambo lenyewe lilivyo. Kiswahili, tukiondoa maneno machache ambayo mengi yake tumeyapokea kutoka Kiarabu, huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Mtoto wa miaka mitatu anaijua kanuni hiyo ingawa hakuna aliyemfundisha. Ukiivunja, msikilizaji ama hucheka ama hupotea: barabara yenye mkazo kwenye silabi ya tatu ni njia ya magari, ukiurudisha mkazo kwenye silabi ya pili, umesema sawasawa, bila kasoro. Matokeo yake ni kwamba karibu kila kauli ya Kiswahili humalizika kwa kushuka, silabi nzito kwanza na nyepesi baadaye. Hiyo ndiyo namna yetu ya kufunga sentensi, na ndiyo namna yetu ya kufunga mshororo.

Kiingereza hakiko hivyo. Kimejaa maneno ya silabi moja, na mishororo ya nyimbo zake hupenda kukoma kwa kishindo, silabi ya mwisho ikiwa ndiyo nzito. Ule mpangilio wa nane na sita, nane na sita, ambao Waingereza waliuita wa kawaida kwa kuwa waliutumia kila mahali, huanza kwa pigo jepesi na kuishia kwa pigo zito, na mara nyingi noti ya mwisho hurefushwa ili waumini wavute pumzi. Sasa chukueni mshororo wowote wa mizani nane. Huu nimeutunga kwa ajili ya mfano tu:

Mungu wangu unijie

Usemeni kama mnavyosema nyumbani. Mkazo unaangukia silabi ya kwanza, ya tatu na ya saba. Kisha uimbeni kwa mahadhi ya Kiingereza ya aina niliyoitaja. Pigo zito litaangukia ya pili, ya nne, ya sita na ya nane, nanyi mtapata muNGU waNGU uNIjiE. Hakuna silabi hata moja iliyoketi kitini pake. Hesabu ya mizani ni kamili. Mfasiri angeapa kwamba kazi yake haina dosari. Lakini alihesabu bila kusikiliza. Na tazameni pale mwishoni: silabi dhaifu kuliko zote, ile ambayo ulimi wa Mswahili huiachia kama pumzi inayotoka, ndiyo inayoshikiliwa na kanisa zima kwa mapigo mawili au matatu, kinanda kikinguruma chini yake.

Huu si udhaifu wa mfasiri mmoja. Ni hesabu isiyoweza kutoka. Mahadhi yanayoishia kwa pigo zito hayawezi kupewa maneno ya Kiswahili yakakaa vizuri mwishoni mwa mshororo, hata angeketi Shaaban Robert mwenyewe na kalamu, isipokuwa kila mshororo uishie kwa kijineno kama tu. Mahadhi ya Kijerumani, ambayo Walutheri wetu waliyapokea na ambayo mengi yamo katika Mwimbieni Bwana, yana afadhali kidogo, kwa sababu Kijerumani nacho kina maneno mengi yanayoishia silabi nyepesi. Ndiyo maana baadhi ya nyimbo hizo huwa tamu mdomoni bila mwimbaji kujua sababu. Ila afadhali hiyo ilikuja kwa bahati. Sijaona dalili kwamba kuna aliyeitafuta.

Najua mjuzi mmoja atanisimamisha hapa. Atasema: mbona mghani wa Kiswahili naye hurefusha silabi ya mwisho, kwa kuwa ndipo kina kilipo? Ni kweli, na pingamizi hili ni zuri kuliko yote niliyowahi kupewa. Lakini kurefusha si kukazia. Mghani huipa silabi ya pili kutoka mwisho uzito wake kwanza, kisha ndipo huiacha ile ya mwisho ielee. Mkazo umekwisha kulipwa deni lake. Urefu ni zawadi. Wimbo wa kanisani hufanya kinyume: huipita silabi yenye haki mbio mbio, kisha hulipiga nyundo lile jirani yake. Isitoshe, mghani ndiye bwana wa mahadhi. Utenzi ule ule mmoja huuimba polepole ukumbini na upesi safarini, na akiona neno linadai nafasi, hulipa nafasi. Mwanakwaya hana uhuru huo. Mbele yake pana karatasi yenye herufi za d, r, m, na mwalimu anayetazama saa.

Wakristo wa kale walilijua tatizo la neno na sauti kabla yetu. Augustino, katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake, anahangaika kwamba kuna nyakati uimbaji wenyewe humgusa kuliko kile kinachoimbwa. Martin Luther, aliyekuwa mwanamuziki na si mhubiri tu, aliandika mwaka 1525, alipokuwa akitafakari jinsi ya kuwapa Wajerumani ibada katika lugha yao, kwamba kutafsiri maneno na kuiacha sauti ya Kilatini kama ilivyo hakutoshi. Matini na noti, mkazo na mahadhi, vyote sharti vizaliwe na lugha ya mama. La sivyo ni mwigo tu, kama wa nyani. Mwaka uliofuata akatoa ibada yake ya Kijerumani. Nalitaja jambo hili kwa makusudi. Kuna wachungaji wanaoamini kuwa kuyagusa mahadhi ya wamisionari ni kuigusa imani yenyewe. Baba wa matengenezo mwenyewe angewaambia kwamba wanachokilinda ndicho alichokipinga.

Wala isisemwe kwamba wamisionari hawakuwa na la kuchagua. Mombasa ya karne ya 19 haikuwa jangwa la ushairi. Muyaka bin Haji alikuwa amekwisha kufa, lakini mashairi yake yalikuwa hai vinywani mwa watu. Aliyefanya kazi ya kuyakusanya, kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua, alikuwa nani? William Taylor, mmisionari wa CMS. Huyu alizijua bahari za ushairi wetu kuliko wengi wetu tunavyozijua leo. Na kabla yake Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikuwa amepeleka Ujerumani miswada ya tendi za pwani. Kwa hiyo mkono mmoja wa misheni ulikuwa umeshika mashairi bora ya lugha hii, na mkono wa pili umeshika vitabu vya nyimbo kutoka London. Mikono hiyo miwili haikukutanishwa. Nadhani sababu mojawapo ilikuwa hofu: utenzi ulinukia udi na msikiti. Hofu hiyo ingeeleweka mwaka 1890. Siielewi mwaka huu, wakati neno sala, neno imani, neno sadaka na neno dhambi yote yametokea Kiarabu na yanasemwa madhabahuni kila siku bila mtu kuingiwa na shaka.

Na kama kuna anayedhani umbo la utenzi haliwezi kuibeba Injili, jibu lilitolewa na Mkristo, tena Mgogo wa Dodoma ambaye Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake. Mathias Mnyampala, mwenyekiti wa UKUTA na bingwa wa ngonjera, alitunga Utenzi wa Enjili Takatifu. Aliichukua habari ya Yesu akaiweka katika vipande vya mizani nane, kwa vina, kwa kituo. Waliokwisha kuusoma wanajua kwamba umbo halikulemewa. Swali langu ni fupi: ni parokia gani inauimba? Ni kwaya gani imeuweka katika ibada ya Ijumaa Kuu, siku ambayo masimulizi marefu ya mateso yanahitajika na utenzi ulizaliwa kwa ajili ya masimulizi marefu? Tunasoma habari za Mnyampala ili tufaulu mitihani. Kumwimba hatujafikiria.

Wako wanaosema kwamba maneno na mahadhi ya nyimbo zile yamekwisha kufunga ndoa, na alichokiunganisha Mungu mwanadamu asikitenganishe. Aya nzuri, mahali pasipo pake. Chukueni wimbo unaojulikana kuliko wote, Amazing Grace. Maneno ya John Newton yalichapishwa mwaka 1779. Mahadhi tunayoyajua yaliunganishwa nayo mwaka 1835, huko Marekani, miaka 56 baadaye, Newton akiwa kaburini zamani. Katika nyimbo za Kiingereza mahadhi na maneno hubadilishana kama nguo za ndugu wa rika moja. Ndiyo sababu vitabu vyao huandika hesabu ya silabi juu ya ukurasa, ili mwimbaji ajue nguo gani inamtosha nani. Wenyewe hawakuona utakatifu wowote katika ndoa hizo. Sisi ndio tuliozitia utakatifu, kwa kuwa zilitufikia zikiwa zimefungwa tayari.

Kuna ushahidi mwingine, nao unanipa furaha kila ninapoutaja. Katika miaka ya 1960 pale Makumira, kwenye chuo cha theolojia cha Walutheri karibu na Arusha, Howard Olson aliwahimiza Waafrika watunge na wakusanye nyimbo zenye mahadhi ya nyumbani kwao, na kutokana na kazi hiyo kikatoka kitabu Tumshangilie Mungu. Humo umo wimbo wa Pasaka wa Bernard Kyamanywa, Mfurahini, Haleluya, wenye mahadhi ya asili ya Kihaya. Wimbo huo haukubaki Bukoba. Umetafsiriwa kwa Kijerumani na kwa Kiingereza na umeingia katika vitabu vya nyimbo vya huko. Yaani leo kuna Wajerumani wanaohangaika asubuhi ya Pasaka kulilazimisha neno la Kijerumani liingie katika mahadhi yaliyozaliwa Afrika. Nakiri kwamba wazo hilo hunichekesha kidogo, lakini halinichekeshi tu. Linathibitisha kuwa pale tulipoanza na sauti yetu hatukuwa ombaomba.

Basi kwa nini jambo hilo limebaki kama kisiwa? Kwa sababu, nadhani, tulipoambiwa tuifanye ibada iwe yetu, tulikimbilia ngoma. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake ya liturujia tarehe 4 Desemba 1963, ukaruhusu lugha za watu, ukataka mapokeo ya muziki ya mataifa ya misheni yathaminiwe, na ukawaambia watunzi kwamba matini ya nyimbo yachotwe hasa katika Maandiko na chemchemi za liturujia. Mwaka huohuo padre wa Kitanganyika, Stephen Mbunga, alichapisha kitabu kizima juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Mlango ulikuwa wazi, na waliokuwa na funguo walikuwemo nyumbani. Lakini utamadunisho uliofuata, kwa sehemu kubwa, umekuwa wa kayamba, manyanga, vitenge na hatua za kucheza. Ni vitu vizuri, navipenda. Ila ngoma inaweza kupigwa chini ya neno lolote, na haiulizi kama neno hilo limekaa sawa.

Mfano wa jambo hili uko Kongo. Mwaka 1958, huko Kamina katika Katanga, padre Mbelgiji Guido Haazen na kwaya yake ya Wakongo waliimba Missa Luba. Muziki ule ni wa Kikongo kuanzia kichwa hadi kisigino, na dunia nzima iliupokea kwa mshangao. Maneno yake ni ya Kilatini. Wakati huo sheria ya Kanisa haikuruhusu vingine, kwa hiyo simlaumu mtu. Nataka tu muone picha mbili zikiwa pamoja: kule Kamina, mji ambao Kiswahili kinasemwa, sauti ya Kiafrika ilibeba neno la Kilatini, kwetu, neno la Kiswahili limebebwa na sauti ya Kiingereza. Kila upande ulipata nusu. Miaka imepita zaidi ya 60 tangu sheria ilipobadilika, nasi bado tunaziita nusu hizo mkate mzima.

Sasa nije kwenye kwaya za leo, ambazo zimeacha mahadhi ya kale na kutunga yao. Hapa tungetarajia ukombozi. Watunzi hawa ni Waswahili au wamelelewa na Kiswahili. Mahadhi ni yao. Hakuna Mwingereza aliyewafunga mikono. Na kweli, kwa upande wa mkazo wengi wao hawakosei, kwa sababu wimbo unazaliwa pamoja na neno lake. Tatizo limehamia kwenye neno lenyewe. Nimesikia neno yako na jina yako vikiimbwa kwa sauti nne zilizopangwa kwa ustadi mkubwa. Nimesikia beti tatu ambazo zote zinasema jambo la ubeti wa kwanza. Nimesikia nyimbo ambazo ukiondoa bwana, asante, mwema na milele hakibaki kitu cha kuandikwa. Wala siupingi urudiaji. Kibwagizo ni urithi wetu, na Zaburi zenyewe husema jambo moja mara mbili. Lakini mtunzi wa Zaburi akirudia, mara ya pili hulitazama jambo kutoka upande wa pili wa kilima. Hapa mara ya pili ni mara ya kwanza iliyopandishwa ufunguo.

Mtindo unaonisumbua zaidi ni ule wa sauti kukimbizana. Soprano wanaanza, besi wanawafuata wakiwa na maneno mengine, tena wako katikati ya neno la tatu, na alto wanashikilia silabi moja iliyopoteza kabila lake. Masikio hufurahi. Lakini mwambie muumini aliyeketi benchi la nne aseme nini kimeimbwa. Lawama hii ni ya zamani. Katika karne ya 16, wakati wa Mtaguso wa Trento, wakuu wa Kanisa walilalamikia jambo hilohilo. Kuna hata hadithi kwamba Palestrina aliuokoa muziki wa sauti nyingi kwa misa yake moja iliyosikika kila neno. Wanahistoria wanaiona hadithi hiyo kuwa ngano zaidi ya historia, lakini misa ipo, na maneno yake yanasikika kweli. Sauti nyingi si adui. Adui ni mtunzi anayelitumia neno kama kamba ya kuanikia noti.

Nilipomweleza mwalimu mmoja wa kwaya mambo haya, alinijibu kwa upole: Mungu husikiliza moyo, ndugu yangu, hasahihishi insha. Ni jibu linalopigiwa makofi. Tulipime. Kama Mungu hasikilizi ila moyo, kwa nini kwaya ifanye mazoezi Jumanne, Alhamisi na Jumamosi? Kwa nini tena anayekwenda nje ya ufunguo anaitwa pembeni? Kwa nini sare zinashonwa na fundi mmoja ili mikunjo ilingane? Tunakubaliana kwamba Mungu anastahili noti safi, sare safi na sakafu iliyopigwa deki. Ni neno peke yake lililoambiwa lije kama lilivyoamka. Na hilo, kwa dini inayokiri kwamba hapo mwanzo kulikuwako Neno, linanishangaza kuliko yote.

Kuna jibu la pili, na hilo silichezei. Watu wamezikwa kwa nyimbo zile. Mama aliyefiwa, ambaye hawezi kuunda sentensi yake mwenyewe, hushika wimbo wa kale wenye mikazo iliyopinda, na wimbo humshika. Nani atasimama pale na kumwambia kuhusu silabi ya pili kutoka mwisho? Si mimi. Nyimbo hizo zimepata kitu ambacho ufundi hautoi, nacho ni umri. Zibaki. Ila umri wake unatuambia jambo jingine pia: wimbo wa ibada hukaa mdomoni mwa mtu miaka 70, na humrudia akiwa amesahau majina ya wanawe. Kitu chenye maisha marefu hivyo ndicho tunachokitunga kwa haraka wiki moja kabla ya tamasha, kwa maneno ya kubahatisha, kisha tunakirekodi ili kisifutike. Watoto walioimba mwaka huu katika shule ya Jumapili wataondoka na hayo. Wengi wao hawatasoma diwani yoyote maishani mwao. Wimbo wa kanisa ndio ushairi pekee wa Kiswahili watakaoujua kwa moyo.

Hapo ndipo lawama inapotugeukia. Tumepigana vita virefu vya vina na mizani. Kichomi cha Kezilahabi kilipotoka mwaka 1974 ndipo zilipochachamaa hoja ambazo mpaka leo hazijapoa: shairi ni nini, guni ni nini, huria ni uhuru au uvivu. Tumeandika makala, tumetupiana mishororo magazetini. Na muda wote huo, kila Jumapili, umma mkubwa kuliko wasomaji wetu wote ulikuwa ukiimba beti za Kiswahili kwa pamoja, nasi hatukuwa na neno. Tukilitumia neno kwaya katika uhakiki, tunalitumia kama tusi: hili si shairi, hili ni maneno ya kwaya. Amri Abedi alizichapa sheria za kutunga mashairi mwaka 1954 ili asiyejua ajue. Sisi tunazijua, na tunazitumia kumcheka asiyejua. Shaaban Robert aliwaona wimbo, shairi na utenzi kuwa watoto wa tumbo moja. Tumemlea mmoja kwa maziwa na mwingine tumemwacha uani, kisha tunashangaa mbona hana adabu.

Ndugu zetu wa kaswida hawajafika hapo. Simaanishi kwamba kila kaswida ni lulu. Lakini katika maulidi ya pwani, anayetunga hujulikana kuwa mtunzi, huulizwa kuhusu vina vyake, na wako wazee barazani watakaomwambia bila haya kwamba kipande cha tatu kimepwaya. Katika kwaya nyingi nilizozifahamu, mtunzi wa muziki hutajwa kwa jina, mpiga kinanda hutajwa, studio hutajwa, na aliyeandika maneno hana jina, mara nyingi kwa sababu hakuna aliyeyaandika. Yaliokotwa njiani wakati mahadhi yakitafutwa.

Kwa hiyo nasema wazi ninachokitaka. Kamati itakayokaa kurekebisha kitabu chochote cha nyimbo, liwe dhehebu lolote, iwe na mshairi mezani, si mwishoni akiletewa kusahihisha herufi, bali siku ya kwanza, mwenye mamlaka ya kusema mahadhi haya hayaingii Kiswahili, tafuteni mengine. Jina la mtunzi wa maneno liandikwe. Na washairi Wakristo, ambao najua mnasoma hapa, acheni kutunga beti za pongezi kwa maaskofu na mtunge nyimbo za kuimbwa.

Ili nisionekane nimesimama kando nikitema mate, natoa ubeti mmoja. Ni wa kawaida kabisa, hautashinda tuzo yoyote, lakini vipande vyake vyote vinne ni mizani nane na vyote vinashuka mwishoni kama Kiswahili kinavyoshuka; hakuna mkazo wa neno unaodondokea silabi ya pili, ya nne, ya sita wala ya nane:

Bwana wangu mwenye enzi
nishushie lako penzi
nifundishe kwimba tenzi
hata jua likizama

Mwalimu wa kwaya yeyote anayetaka kuuchukua auchukue bure. Aanze kwa pigo zito, asiirefushe silabi ya mwisho kabla ya kumlipa jirani yake, na kina cha bahari ni ma. Beti zinazofuata namwachia mwingine.